Posa Yangu Hewani

Mpaka leo nikipita Mlimba nashusha kofia hadi kwenye nyusi, na wenye umri wangu wanajua kwa nini, basi acheni niwasimulie mwenyewe kabla hawajawaongezea chumvi.

Miaka ya tisini nilikuwa mgane pale Katindiuka, nikimpenda Yustina, fundi cherehani wa Mlimba. Mshenga wangu alikuwa shemeji yangu Kasiani, mwalimu wa hesabu kulekule, na nilimtaka aifanye kazi kimyakimya, maana nikikataliwa nilitaka nikataliwe bila watu kujua. Sasa kusubiri jibu kulinishinda, nikaenda Ifakara mjini kwenye duka lenye redio ya upepo, ile ambayo ukisema neno bonde zima linasikia, nikamwita Kasiani kwenye redio ya duka la Mlimba.

"Shemeji, akikubali sema mpunga umekauka, akikataa sema mvua inanyesha. Ova."

"Shemeji, umeutangaza ufunguo wa fumbo letu hadharani! Ova."

"Basi tugeuze, mvua ndiyo kukubali. Ova." (Nilijiona mjanja, jamani.)

"Na hilo wamelisikia! Hata wataalamu wanaotuma siri kwa chembe za mwanga, hesabu zimewawekea mpaka: msikilizaji akijua yote mnayojua, jadilianeni hadharani mpaka kesho, hamkamui siri hata tone. Maji matupu hayatoi gongo. Ova."

Ningenyamaza hapo ningepona, lakini nikageuza tena, na tena, mpaka nikajichanganya mwenyewe. Mama mmoja aliyekuja kununua sabuni akaniuliza, "Baba, kwa hiyo sisi tukuombee mvua au jua?" Na sauti nisiyoijua, kutoka Uchindile, ikadakia: "Mzee, ulipofikia sasa mvua ni kukataa. Endelea, ova."

Kisha ikaja sauti ya mwanamke. Cherehani ya Yustina ilikuwa kwenye baraza la duka lilelile alimosimama Kasiani (nilikuwa najua, sikukumbuka tu).

"Mimi Yustina. Posa yako nilikuwa nimeshaikubali moyoni. Sasa mwanamume anayeona haya watu wakijua kuwa ananitaka, nitaishi naye vipi? Ova."

Bonde zima likawa linanisubiri. Hata mama wa sabuni alininong'oneza, "Sema, baba, sema!" Nami, mtu niliyekuwa na maneno mengi hivyo, nikaweka kipaza sauti mezani, nikatoka.

Aliolewa na mtu wa reli. Tangu hapo nimeapa: jambo la kupenda nitalipeleka kwa miguu yangu, mchana, na atakayesikia asikie.