Mshenga wa Programu

Ofisini walimwita Mshenga, na jina likamkaa sawasawa. Programu ya miadi ya zahanati ya macho na programu ya kutuma ujumbe kwenye simu zilikuwa hazijuani hata kwa salamu. Yeye ndiye aliyeandika huduma ya mtandaoni ya kuchukua habari huku na kuzifikisha kule. Muuguzi akiandika miadi, simu ya mgonjwa inalia. Basi!

"Unaozesha makompyuta tu," mama yake alimtania. "Wewe mwenyewe je?"

"Mama nawe!"

Mtoto wa jicho alikuwa amemziba mama huyo macho yote mawili. Mama alimtambua binti yake kwa hatua tu. Na daktari wa upasuaji, jamani, alikuja mara moja kwa mwaka.

Siku yenyewe, saa nne asubuhi, muuguzi akampigia Mshenga. "Dada, mama yuko wapi? Nilimwandikia saa tatu. Na wenzake watatu hawajafika, na daktari anaondoka saa saba mchana!"

Mshenga akaufungua tena ujumbe uliotumwa. Saa tisa alasiri! Lo! Muuguzi alikuwa ameandika 3, yaani saa tatu asubuhi, kama tunavyosema sote. Lakini Mshenga, aliyekulia kwenye saa hizo hizo, alikuwa ameiambia huduma yake ihesabu kikompyuta, kwa saa za Kizungu, tena kwa kuwa hakuna zahanati inayopasua watu usiku wa manane, 3 iwe ya alasiri. Mashine ilitii tu. Kosa lilikuwa lake, na machozi yakamlengalenga.

Akawapigia wale watatu kwanza, maana walikaa mbali, akimwomba radhi kila mmoja. Kisha akakimbia nyumbani kumchukua mama. Wote wanne walipofika ilikuwa saa saba kasorobo, na daktari ameshavua glavu.

"Daktari, wazee hawa hawakuchelewa. Ni mimi niliyewachelewesha. Nakusihi."

Daktari akalitazama benchi lenye watu wanne, akashusha pumzi, akaomba glavu nyingine. Mama aliingia wa mwisho.

Asubuhi iliyofuata muuguzi akamfungua bandeji ya jicho moja. Mama akapepesa, akamkazia binti yake macho, asimwachie.

"Kumbe umekonda hivi," akasema, akimpapasa shavu. "Na kila siku unaniambia umeshakula."