Siku Tatu Zilizoombwa Kwenye Fainali

Mimi si mtu wa kuomba. Niliseme hilo mapema. Hata nikiwa na njaa kwa watu nasema nimeshiba, halafu narudi nyumbani nafunua sufuria. Ndiyo maana Februari ile, mwaka 2015 kama sikosei, nilikonda wiki nzima kwa sababu ya ombi moja tu: siku tatu za kutokwenda kazini.

Mama yangu alikuwa anafika Buffalo Jumanne. Miaka tisa sikuwa nimemwona. Faili yake ya ukimbizi iliunganishwa na ya mdogo wangu aliyetangulia kupelekwa huko, kwa hiyo ndege ingemshusha kwa mdogo wangu, si kwangu Louisville, mwendo wa saa nane au tisa kwa gari. Kwenye simu kutoka kambini aliniambia, "Nikishuka, nikukute. Usitume mutu mwingine." Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye bohari huko Jeffersontown, kando ya Louisville, ambako ukikosa siku moja unaandikiwa pointi, na ukifikisha nane unarudisha kadi ya mlango na kazi imekwisha. Nilikuwa na sita. Gari lilinifia mara mbili, mtoto akapata homa, mambo ya kawaida ya watu. Siku tatu zaidi, na watoto wangu wangekula nini?

Ijumaa nikajikaza, nikamfuata supavaiza kando ya mkanda wa maboksi. Mashine zilikuwa zinanguruma. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, na jasho linanitoka. Akanipigapiga begani, akacheka, akasema, "Jumapili njoo kwangu tuangalie fainali. Tutaongea."

Sasa, kwetu, ukimpelekea mkubwa ombi naye akakuita nyumbani kwake, maana yake jambo lako amelipa uzito na anataka kulisikiliza mkiwa mmekaa. Na jambo zito husemi mwenyewe. Unaleta msemaji, ndugu mkubwa anayejua kupanga maneno, wewe unakaa kimya unatazama viatu vyako. Nikampigia yaya. Kwetu Kivu yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Huyu ni mtoto wa baba mkubwa, anaishi Columbus, anatunza wazee, na Kiingereza chake kinatiririka. Hakuniacha hata nimalize.

"Bon, niko nakuja," akasema. "Uvae suti."

Akaendesha gari zaidi ya saa tatu. Jumapili jioni tulitoka kwangu, mtaa wa Highview, tumevaa suti na tai, viatu vinang'aa, mimi na sinia la sambusa alizokaanga mke wangu, yaya na kreti ya soda begani. Mlango ulipofunguliwa nilitamani kurudi kwa miguu. Watu kama kumi walikuwa wamelala kwenye makochi na mazulia, soksi nje, wote wamevaa fulana zenye namba mgongoni. Supavaiza alitukodolea macho, kisha akafurahi kweli. Mke wake akapokea sambusa kwa mikono miwili. Tukaketishwa mbele kabisa, mbele ya televisheni pana kama mlango wa kanisa.

Fainali yenyewe ilikuwa bado. Wanaume wanne wenye tai walikuwa wamekaa kwenye meza ndani ya televisheni wakieleza mechi ambayo haijachezwa, na supavaiza alituambia kwa fahari kwamba wameanza kuieleza tangu mchana. Wakachora mistari ya njano juu ya picha za wachezaji. Wakamwonyesha mchezaji mmoja akiwa mtoto, wakaonyesha nyumba aliyokulia, wakamwonyesha bibi yake. Ukaimbwa wimbo wa taifa. Watu waliendelea kutafuna mabawa ya kuku. Yaya peke yake alisimama sebuleni, mikono ubavuni, mpaka ndege za kijeshi zikapita juu ya uwanja.

"Ni nani atafungua kikao?" akaninong'oneza alipoketi.

"Sijui, yaya. Ungoje."

Mpira ukaanza, kama ni mpira huu wa Kimarekani wa kubebwa mikononi. Wanasukumana sekunde chache, wanaanguka, wanaamka, wanakwenda kujadiliana. Sisi tulikaa kimya kwa adabu, kwa sababu mtu akitazama mpira humsemeshi. Lakini wenyeji wetu walikuwa wanapiga soga juu ya kila kitu: paa la jirani, meno ya mbwa, bei ya matairi. Yakaja matangazo ya biashara. Yaya akaona nafasi yake. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akakohoa.

"Bwana mwenye nyumba, na mama, na ndugu zangu wote..."

"Shhh!" Chumba kizima. Jamaa mmoja alinyanyua mkono ulioshika mfupa wa kuku. Wote walikuwa wameikodolea macho televisheni, ambapo mbuzi alikuwa anaendesha gari. Tangazo likaisha, wakaangua kicheko, mpira ukarudi, soga nazo zikarudi.

Yaya alikaa taratibu. "Banaangalia publicité?"

"Ndiyo, banaangalia matangazo."

"Donc mupira banazungumuza, publicité bananyamaza?" Akanitazama kana kwamba nimemdanganya kuhusu nchi hii. "Eh, Mungu wangu!"

Ungedhani amejifunza. Wapi! Alisimama mara ya pili, akazomewa kwa upole. Mara ya tatu lilikuwa tangazo la kahawa: kikongwe mmoja anaandaa vikombe viwili kila asubuhi, anakaa barazani peke yake, mpaka siku moja mwanawe anapanda ngazi na begi mkononi. Yaya alikuwa bado amesimama na mdomo wazi nilipomwona mke wa supavaiza anajifuta machozi kwa karatasi ya mezani. Jamaa wa mfupa akasema kwa heshima kwamba hilo ndilo tangazo bora la mwaka.

Nilikasirika. Nilimkasirikia yaya, nikajikasirikia mimi, nikaikasirikia ile tai iliyokuwa inaninyonga. Tumekuja na suti kama mabalozi, watu wanatuonea haya, na Jumanne inakuja mbio. Nikamvuta mkono. "Yaya, twende zetu. Hapa hakuna kikao."

"Mama iko njiani," akasema bila kunitazama, "na weye unataka kwenda wapi?"

Ikafika mapumziko ya katikati. Nilidhani nimeshaona fahari, kumbe bado. Taa zikazimwa uwanja mzima, moshi ukapanda, mwimbaji akashushwa kwa kamba kutoka juu huku mamia ya wacheza ngoma wakizunguka jukwaa lililokuwa linabadilika rangi kila ukipepesa macho. Nguo za wale mabinti zilikuwa chache. Yaya, shemasi mzima, alitazama dari. Kisha akaona watu wameinuka kujaza sahani, akakata shauri. Akaenda kusimama katikati, mgongo kwenye televisheni, fataki zinalipuka nyuma ya mabega yake.

Akaanza kama tunavyoanza. Akaishukuru nyumba. Akaushukuru mkono uliopika. Akasema yeye ni nani, mimi ni nani, baba zetu walichunga ng'ombe wapi, na tulikimbia kwa barabara gani. Watu wakasimama na sahani zao. Supavaiza akatafuta rimoti, sauti ikafa. Mwimbaji akabaki kufungua mdomo bure. Ndipo yaya akamgeukia mke wa supavaiza.

"Mama, wewe umemlilia kikongwe wa kwenye tangazo la kahawa. Yule analipwa, na jioni amerudi kwake. Sisi tunaye wa kweli. Anashuka Buffalo Jumanne, na mtoto wake huyu hapa ana pointi sita."

Mke wa supavaiza akaweka sahani chini. Nilitazama viatu vyangu kama inavyotakiwa, ila safari hii hata kama isingetakiwa nisingeweza kuinua uso.

"Kwa nini hukuniambia?" supavaiza akaniuliza.

"Nilikuambia Ijumaa."

"Pale kwenye mkanda? Ndugu yangu, pale sikusikia hata neno. Nilikualika mpira tu, kama nilivyowaalika hawa wote." Akajishika kichwa. "Nenda. Nitaandika ni ruhusa ya familia. Pointi hazitahesabiwa."

Hapo jambo lilikuwa limekwisha, lakini yaya alikuwa amejiandaa kwa mazungumzo ya saa mbili na hakukubali kushinda kwa dakika moja. Kwetu, "ndiyo" ya haraka ni ya kumfukuza mgeni. Akaendelea, akaeleza ugonjwa wa presha wa mama, akaingia kwenye habari za kambi. Nikamvuta koti. "Yaya, amekubali." Akaomba shahidi. Mke wa supavaiza akainua mkono, "Mimi ni shahidi," na akamsimamia mumewe mpaka akaandika ujumbe wa kazini kwenye simu na kutuonyesha. Yaya akausoma mara mbili, akafungua kifungo cha koti, akaketi. Wakampigia makofi.

Jamani, raha niliyoisikia! Ilikuwa kana kwamba nimetua gunia la mihogo. Nikavua tai. Nikala mabawa ya kuku sijui mangapi, na nusu ya pili nikapiga soga wakati wa mchezo na kunyamaza wakati wa matangazo, kama mwenyeji. Mwishoni watu waliruka, karatasi za rangi zikamwagika uwanjani kama mvua, nami nikaruka na kupiga kelele kuliko wote. Mpaka leo sijui ni timu gani ilishinda.

Jumatatu baada ya zamu tukaenda kulala Columbus, na Jumanne tukafika uwanja wa ndege wa Buffalo, ulioko Cheektowaga, kwenye theluji, mapema kupita kiasi. Mama alitoka na mfuko wa plastiki wenye karatasi zake kifuani. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Alinishika uso, akanishika masikio, akasema nimenenepa vibaya, kisha miguu ikamwishia nguvu na tukambeba mpaka garini.

Kwa mdogo wangu alikunywa chai vijiko viwili, akalala. Akalala Jumatano yote. Alhamisi pia, mpaka jua likaegemea dirishani. Mdogo wangu alinung'unika: yaya ameendesha maili zote hizo, mimi nimeomba mbele ya watu, usiku huu naondoka, tumwamshe angalau tuzungumze. Nikamwambia akimgusa tutakosana. Nilisogeza kiti kando ya kitanda, nikakaa nikimsikiliza mama akikoroma.