Mtoto Asiyeshtushwa na Karasha

Usimsifie Mbuke kwamba mtoto wake ni mtulivu. Atakuchukia.

Pale mwaloni, wanakosaga na kuosha dhahabu nje kidogo ya Geita, karasha linasaga mawe ya dhahabu kutwa nzima na vichanga vinalala tu. Ndiyo maana Enock, mtoto wake wa kwanza, alifika umri wa kutembea ndipo wakajua ni kiziwi. Daktari akasema ni kirusi, kinaitwa saitomegalo, Mbuke alikipata akiwa na mimba. Yeye akajifariji: basi nimeshaugua, hakirudi.

Nani alimwambia? Hakuna. Wengi tunafikiri hivyo, kama surua. Kwa hiyo mimba ya pili ikamkuta bado analea watoto wa wenzake wanaoponda mawe, anamalizia uji waliobakisha watoto hao, kijiko kilekile, na kirusi hukaa kwenye mate.

Salome akazaliwa. Wakapima mate yake. Kirusi kimo.

"Dokta, si nilishaugua mimi?"

"Hivi virusi ni ukoo, mama. Vinasaba vyao vinatofautiana. Kinga uliyopata kwa kimoja inaweza isizuie kingine. Au kile cha zamani kimeamka. Sijui ni kipi."

Kipimo cha masikio? Asubiri mwezi ujao.

Asubiri vipi? Anapiga makofi, karasha linayameza. Anaita jina, mtoto amelala. Enock naye alilala hivihivi.

Akashindwa kuvumilia. Akamfuata Marwa, mwendesha karasha.

"Kaka Marwa, zima."

"Mama Enock, nizime kazi ya watu?"

"Anataka usingizi huyo!" wachimbaji wakacheka. "Mleteeni na neti!"

"Nataka kujua kama mwanangu anasikia."

Marwa akazima.

Ghafla ukasikia hadi kuku wakichakura. Kwenye kibanda cha kwanza kichanga kikalia, cha pili nacho kikalia. Wamezoea kelele, ukimya ndio umewashtua. Salome kimya kwenye kanga. Mbuke akakaa chini kwenye vumbi.

Kope zikacheza. Mikono ikaruka juu. Salome akapiga yowe.

"Si huyo, anasikia!" Marwa akapaza sauti. "Haya, niwashe?"

Mbuke akamkumbatia mwanae. Daktari alishamwambia: anaweza kusikia leo, masikio yakafa baadaye.

"Washa. Ila kesho utazima tena?"

"Kesho tena? Mpaka lini, dada?"

"Mpaka aseme mama."