Masikio na Flaiwili Tatu

Pale gereji walimwita Masikio, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kwa miaka thelathini hakuna chuma chenye ufa kilichompita. Alikuwa akikitundika kwenye mnyororo, anakigonga kwa nyundo ndogo, anainamisha kichwa. Kizima kililia kama kengele. Kibovu kilitoa sauti ya sufuria iliyopasuka, hata kama ufa wenyewe haujaonekana.

Miaka miwili ya mwisho alikuwa hasikii. Sikio la kulia lilikufa kwanza, la kushoto likafuata taratibu. Gereji hakumwambia mtu. Alijifunza kusoma midomo, akawa anacheka wenzake wanapocheka, na chuma akakichagua kwa macho na kucha huku akimwomba Mungu.

Ndipo mwalimu mmoja mstaafu akaleta lori la marehemu baba yake, injini yake kongwe kuliko fundi yeyote pale. Flaiwili, ile sahani nzito inayozunguka nyuma ya injini na kubeba klachi, ilikuwa imelika hadi haichongeki tena. Mpya hazitengenezwi siku hizi. Mdogo wake Masikio, fundi wa kerezo, mashine ya kuchongea vyuma, katika gereji hiyohiyo, akazunguka kwa wauza vyuma chakavu, akarudi na tatu.

"Kaka, chagua wewe," alisema mbele ya watu, akitamka kila neno polepole. "Mwalimu anataka achague Masikio mwenyewe."

Mafundi wakaacha kazi, wakasogea. Mwalimu akaletewa kiti.

Flaiwili ya kwanza, Masikio alitia kidole kwenye matundu ya bolti, akakuta yamepanuka yamekuwa kama yai. Akaisukuma kando. Ya pili ilikuwa na madoa ya bluu, alama ya kuungua, na meno manne ya pembeni yalikuwa yamevunjika. Ya tatu ilikuwa na uso safi, meno makali, na unene wa kutosha kuchongwa. Akazitundika hizo mbili, akazigonga moja moja, akainamisha kichwa kama zamani. Aliona nyundo ikidunda, basi.

"Hii hapa," alisema, akaishika ya tatu. "Inalia vizuri."

Fundi wa kuchomelea alikuwa ameuma mdomo, anatazama chini. Wote walikuwa wamesikia chuma kikilia kama sufuria iliyopasuka.

Mdogo wake akaipaka ile flaiwili mafuta ya taa, akaifuta ikakauka, akainyunyizia unga wa chaki. Mstari mwembamba wa mafuta yaliyoingia ufani ukajichora juu ya ule weupe, kutoka tundu la katikati hadi ukingoni.

"Nilipiga msasa mwenyewe ufa usionekane," alimwambia mwalimu. "Nilitaka mjionee. Hii ingepasuka njiani, ikakata sakafu ya lori pamoja na miguu ya dereva. Kaka ni kiziwi."

Masikio aliyasoma yote mdomoni mwake. Mtu mmoja akacheka, kisha wengine. Mwalimu akageuza kiti kidogo, akampa mgongo.

"Sasa utanifungia ipi?" akamwuliza mdogo mtu.

"Ya pili. Madoa yatatoka kwenye kerezo, na pete ya meno tutabadilisha."

Na ilikuwa kweli. Masikio mwenyewe angesema hivyo, kama angesikia.

Nyumbani alimkuta mkewe anafua. Akamweleza. Mkewe akakamua shati hadi mwisho, kisha akamgeuzia uso ili amsome.

"Mdogo wako nilimwambia mimi."

"Wewe, mama watoto?"

"Nimechoka kupiga kelele humu ndani kama naita mbuzi. Na niliogopa utaua mtu."

"Si ungeniambia mimi kwanza?"

"Nilikuambia. Hukusikia."

Akaingiza mikono kwenye povu, akaendelea kufua.

Wiki iliyofuata injini iliwashwa. Masikio aliona moshi, akaona mafundi wanapiga makofi na mwalimu anajifuta macho. Yeye alikuwa ameinama kwenye karai, anaosha bolti kwa dizeli. Ndiyo kazi aliyopangiwa na mdogo wake. Huyo mdogo akaja, akamgusa bega, akamwekea ndoo nyingine iliyojaa bolti. Alisema kitu pia. Masikio hakuinua macho kumsoma.