Miaka Kumi na Tisa Akijenga Mchoro Wenye Kosa

Asubuhi, wanafunzi wa chuo hawajaanza kupanda ngazi, na mwanamke wa makamo amesimama mbele ya kabati la kioo akitazama chupa ya duara inayochemka taratibu. Feni ya kunyonya moshi inanguruma juu ya kichwa chake. Amevaa koti jeupe lenye tundu la asidi kwenye mkono wa kulia, miwani minene, na raba ambazo binti yake amemwomba mara nyingi azitupe.

"Hapa hakuna haraka," anasema bila kugeuka. "Ukiongeza moto kidogo tu inaungua, na kazi ya wiki nzima unaimwaga."

Wafanya usafi wa jengo hili wanamwita Mama Vichupa, naye anaitika. Ni mkemia. Anachukua kemikali ndogondogo za kununua, anaziunganisha moja baada ya nyingine kwa moto, barafu na subira, mpaka apate kitu ambacho kwa kawaida hutengenezwa na mti peke yake. Mwenyewe anasema ni mpishi, ila chakula chake hakiliki.

Kitu alichokuwa akikitafuta kinatoka kwenye gome la mti. Aliyekigundua ni mumewe, mkemia mwenzake, wakati huo akiwa kijana mwembamba anayesomea shahada ya juu. Alisaga magunia ya gome, akaloweka, akachuja na kuchuja tena, akaambulia unga mweupe wa kukaa kwenye ncha ya kisu. Unga huo ulipojaribiwa maabara, uliua vijidudu vya kifua vilivyokuwa vimeshinda dawa nyingine.

Kijana akapima, akapiga hesabu, kisha akachora umbo la molekuli yake. Mchoro huo ulimpa shahada, ukampa jina, ukaingia hadi kwenye vitabu vya wanafunzi.

Tatizo lilikuwa mti wenyewe. Ni adimu, na ukiuchuna gome unakufa. Dawa ya watu wengi isingeweza kutoka kwenye miti michache, ilibidi mtu ajifunze kuitengeneza kwa mikono.

"Nilimwambia, wewe umechora, mimi nitajenga," anakumbuka Mama Vichupa. "Nilisema kama utani. Tulikuwa bado vijana. Nikadhani miaka mitano itanitosha."

Ikawa kumi na tisa. Molekuli ile ilihitaji hatua ishirini na saba, na kila hatua inakula sehemu ya ulichonacho. Ukianza na ndoo unamaliza na kijiko, na kijiko kikimwagika unarudi kwenye ndoo. Wenzake walihamia kwenye utafiti unaolipa haraka. Yeye alibaki, akibembeleza fedha za utafiti mwaka hadi mwaka, akifundisha mchana na kuchemsha vichupa vyake katikati ya vipindi.

Binti yao wa pekee, ambaye sasa ni fundi cherehani mwenye duka lake, amekua na utani mmoja. "Mimi nina kaka yangu mkubwa anaitwa Gome," anasema. "Yeye ndiye aliyekuwa akiongelewa mezani. Mimi nilikuwa naambiwa nimalize chakula."

Miaka michache iliyopita pumzi ya mumewe ilianza kukatika. Alikuwa amefanya kazi ujanani katika maabara ambayo feni yake ilizunguka pale tu ilipojisikia. Madaktari hawakusema ni moshi ule, wala hawakusema siyo. Leo anashinda nyumbani, kwenye kiti kilichosogezwa dirishani, mpira wa oksijeni ukiwa puani.

Kila jioni mkewe akirudi swali lilikuwa lile lile: "Vipi, imekubali?"

"Bado, Mzee. Inaringa."

"Iache iringe. Hata wewe uliringa, na nilikupata."

Mapema mwaka huu ikakubali. Hatua ya mwisho ilitoa unga mweupe, mkavu, mzuri wa kutazama. Mama Vichupa anasema aliweka chupa mezani, akakaa chini na kuiangalia tu.

Lakini wakemia wana desturi yao, na hakuna anayeshangilia kabla haijatimizwa. Kitu ulichokijenga lazima kikutanishwe na kile cha asili. Kwenye jokofu la maabara kulikuwa na kichupa kilichozibwa kwa moto, chenye punje za mwisho za unga wa gome ambazo mumewe alizitunza tangu ujana. Unachukua chembe ya huu na chembe ya ule, unaziyeyusha pamoja, kisha unaziingiza kwenye mashine kubwa ya sumaku. Mashine inachora mstari wenye vilele. Kama ni kitu kimoja, vilele vya huu vinakaa juu ya vilele vya ule, unaona mstari mmoja tu.

Alivunja kichupa mwenyewe. Mstari ukatoka, vilele vikakaa vizuri, isipokuwa sehemu mbili. Hapo vilisimama viwili viwili, kama watu waliogombana.

"Nikasema chombo ni kichafu. Nikaosha, nikarudia. Ikawa vile vile."

Kwa wiki kadhaa alirudi nyuma hatua kwa hatua, akitafuta alipoharibu. Hakupata. Kila alichokijenga kilikuwa sawasawa na kwenye mchoro. Ndipo ubaridi ukamwingia, maana kama mjenzi hajakosea, aliyekosea ni mchoraji.

Kosa lenyewe ni dogo la kuudhi. Kwenye kona moja ya molekuli, kipande kilichochorwa kikielekea juu kilipaswa kuelekea chini. Mama Vichupa anaeleza kwa viatu: ni kama kumvisha mtu viatu viwili vya mguu wa kushoto. Ngozi ni ile ile, kamba ni zile zile, lakini havimfikishi mbali. Unga wake ulipopelekwa kwenye vijidudu vya kifua, vijidudu viliendelea na maisha yao.

Wakati huo daktari alikuwa amekwisha kumwita pembeni, akamwambia familia isipange mambo ya mbali.

"Nilijiuliza, huyu mtu anaondoka, na kitu anachojivunia duniani ni kimoja. Mimi ndiye nimnyang'anye?" Anafuta miwani kwa pindo la koti. "Nikawa narudi nyumbani nasema bado."

Alimweleza binti yake, wakiwa wawili dukani kati ya vitambaa. Binti hakuona shida iko wapi.

"Nilimwambia, Mama, si umejenga alichokichora? Basi mwambie imekubali, afurahi. Baba yangu amechoka," anasema binti huyo.

Mama mtu alikubaliana naye. Alipanga kusema hivyo Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Hakuwahi.

Jioni moja kabla ya Jumapili hiyo, alikuwa akikunja nguo. Mumewe alikuwa akimtazama kwa muda, kisha akauliza, "Bibie, tangu lini wewe ukasema 'bado' bila kulalamika?"

Shati likamdondoka. Akalia, akaenda kwenye mkoba wake, akatoa karatasi ya mashine na kumwekea mapajani. Mtu aliyesoma mistari ya aina ile maisha yake yote hakuhitaji maelezo. Alipitisha kidole juu ya vilele, akafika kwenye viwili vilivyogombana, akasimama.

"Hapa," alisema. "Hapa nilibahatisha."

Wakati ule, alimweleza, mashine ilikuwa mbovu na siku ya kutetea shahada ilikuwa imekaribia. Kona ile haikuonekana vizuri. Molekuli zote za jamii ile zilizojulikana zilielekea juu, naye akaona na hii itakuwa hivyo hivyo. Alikusudia kurudi kuihakiki. Kisha sifa zikaja, na baada ya miaka michache akasahau kwamba iliwahi kuwa ya kubahatisha.

"Alilia," anasema mkewe. "Hakulia hata tulipomzika mama yake. Akaniambia, nisamehe, nimekula ujana wako. Nilitaka kumjibu kwamba si kitu. Nikashindwa, kwa sababu ni kitu. Miaka kumi na tisa ni kitu. Nikamshika tu mkono."

Mwandishi wa makala haya alipofika nyumbani kwao, mzee huyo alizungumza kwa vipande vifupi, akivuta pumzi katikati. Ni mcheshi bado. Alisema mkewe ndiye mjenzi pekee anayemjua aliyefuata ramani mpaka nyumba ikamkataa.

Kuhusu mchoro wake hakutania. Wiki ile ile aliagiza marekebisho yaandikwe na yapelekwe kwenye jarida la wanasayansi, jina lake likitangulia. Mkewe aliandika kwa upole, akisema kwamba muundo uliopendekezwa awali unahitaji kuangaliwa upya. Mzee akaikataa rasimu.

"Andika 'nilikosea'," alimwambia. "Kuna vijana wanausoma mchoro huo. Wasije wakapotea kwa sababu ya heshima yangu."

Mhariri wa jarida alijibu kwamba wanasayansi hawana mazoea ya kuandika hivyo. Mzee akaagiza marekebisho yatumwe tena, neno lake likiwa palepale. Likachapishwa.

Sasa Mama Vichupa ameanza upya. Hatua kumi na tatu za mwanzo zinafaa kama zilivyo. Kona iliyokosewa inaingia hatua ya kumi na nne, na kuanzia hapo njia yote inabidi itafutwe tena. Amepiga hesabu ya miaka mitatu, minne akisema ukweli, na akitoka hapo anastaafu. Mumewe ameiona hesabu hiyo. Tangu hapo, jioni haulizi tena kama imekubali. Anauliza tu amekula nini mchana.

Chupa kwenye kabati la kioo imebadilika rangi, kutoka manjano hadi kukaribia rangi ya maji. Anazima moto na kuiacha ipoe. Akiulizwa kama haogopi kushindwa mara ya pili, anatikisa kichwa.

"Kushindwa nimekuzoea," anasema. "Naogopa siku itakayokubali. Nitavua koti, nitakimbilia nyumbani kama mwehu, nifungue mlango. Halafu nimwambie nani?"