Ijumaa Ambayo Magita Hayakufika

Kabla sijaja huku kwa Waarabu, nilipata kutembea sokoni Bungoma nikiwa nimenyolewa nusu ya kichwa. Nusu ya kulia ilikuwa inang'aa kama sufuria mpya, ya kushoto ina nywele zake zote. Stima ilipotea kinyozi akiwa amefika katikati. Akasema ngoja, nikangoja. Alikuwa na mashine ya stima tu, mkasi hakuuamini, alisema mkasi ni wa fundi wa nguo. Watu walikuwa wananichungulia pale mlangoni, wengine wanaenda nyumbani wanarudi na watoto.

Lakini huyo kinyozi alikuwa na redio ya kaseti inayotumia betri, na tulipokuwa tunangoja stima alinipigia muziki ili nisitoke nje nikamharibia jina. Ndiyo siku aliyonifundisha rumba. Mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, kwa hivyo nikikuambia mtu amenifundisha kitu, jua kiliingia kweli. Alisema wimbo wa rumba una sehemu mbili. Kwanza waimbaji wanaimba taratibu, mambo ya mapenzi na kuachwa, na wewe umekaa unakunywa soda yako. Kisha wanachoka, ngoma inajikwaa kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo hakuiona, na magita yanaingia. Hiyo ndiyo sebene. Hapo unasimama, na hukai tena mpaka wimbo uishe.

"Anayesimama kabla ya sebene," kinyozi akasema, "ni mlevi ama ni polisi."

Sijui kwa nini polisi. Nimelifikiria hilo miaka mingi.

Stima haikurudi siku hiyo. Nilienda kanisani Jumapili na kofia, padri akaniambia nivue, nikavua, mahubiri yakaharibika. Sasa tuache kichwa changu. Nilitaka tu ujue sebene ni nini, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kwa nini Ijumaa moja hapa Doha watu wazima walikaa na kusimama na kukaa kama wako kwenye ibada, na mmoja wao akapotea.

Mimi ni dereva wa nyumba, upande wa Muaither. Napeleka watoto shule, namrudisha bibi mkubwa kutoka hospitali, nanunua samaki na kuambiwa si hao. Ijumaa mchana ni yangu. Kuna jumba moja hapo karibu limegawanywa vyumba vyumba, na manesi wa kwetu wamepanga sehemu ya chini yenye sebule kubwa. Tunakutana hapo wa kanisani na wa msikitini, maana huku sote siku yetu ni Ijumaa. Chakula kinaletwa na kila mtu. Viti vinapangwa na wenye migongo. Mimi, kwa kuwa ndiye mkubwa kwa umri na mgongo ulishaniaga, nilipewa muziki.

Vifaa vyangu vilikuwa simu ya nesi mwenye nyumba, ambaye sote tunamwita Sista, na spika moja yenye magurudumu. Nikuambie ukweli, kazi ya DJ katika muziki wetu ni kutogusa kitu. Unaweka wimbo, unakunja mikono, unauacha ufike unakokwenda. Niliifanya kazi hiyo vizuri sana. Sijui mtu aliyewahi kutogusa simu kunishinda.

Na tulikuwa na desturi yetu. Wanaume wanakaa ukuta huu, wanawake ukuta ule, na hakuna aliyeagiza hivyo. Ni tabia ya watu wanaoishi katika nyumba za wengine. Kila mmoja anajua nani anaweza kufikisha maneno kwa madam gani, mtu akafukuzwa kazi. Lakini sebene ikiingia, pande zote mbili zinasimama na kukutana katikati ya zulia, na hapo unasimama mbele ya umtakaye. Akiendelea kucheza na wewe mpaka mwisho wa wimbo, amekujibu. Akigeuka akacheza na rafiki yake, amekujibu pia, na hakuna aliyetukanwa, sambusa zinaendelea. Nimeona watu wameanza hivyo wakaishia kwa wazazi huko nyumbani, wamevaa suti.

Sasa kulikuwa na Mganda mmoja, mlinzi wa jengo refu kule The Pearl. Tulimwita Afande. Mwili wake ni wa kuzuia mlango hata ukiwa wazi, lakini ni mtu wa aibu kupita watoto. Kiswahili alikuwa nacho kidogo, cha kuombea njia. Naye alimpenda mwanamke ambaye Kiswahili kilikuwa kama nyumba yake mwenyewe, mtu wa Mombasa, mpishi wa familia moja Al Thumama. Dada huyo akimwambia, "Waonaje kaka, kazini hamjambo, joto halijawadhili huko mlangoni?" Afande anajibu, "Ndiyo."

Sebene ndiyo ilikuwa njia yake ya pekee, kwa sababu sebene haina maneno. Lakini hata hapo alikuwa anafika katikati ya zulia, anamwona dada yule mbele yake, anageuka, anacheza na mimi. Tulicheza sana mimi na Afande. Kuna watu walianza kuuliza.

Kisha mkataba wa dada ukaisha. Hakutaka mwingine, mama yake mgonjwa, tiketi imekatwa, Jumapili anaondoka na harudi tena. Ijumaa hiyo ikawa ya kumuaga, na kwa kuwa ni mpishi, alijipikia mwenyewe biriani ya kujiaga.

Afande alinifuata jikoni. Alikuwa ameoga mpaka shingo inang'aa, shati limepigwa pasi, mstari wa mkono unaweza kukata nyanya.

"Mzee," akasema, "leo weka ile nyimbo ya murefu."

"Ipi?"

"Ile ya sebene anakaa mpaka mutu anatoka jasho."

"Leo tutacheza tena mimi na wewe?"

Hakucheka. "Leo wewe tafuta mutu yako."

Nikajua amekata shauri. Nikarudi sebuleni kushika simu, nikamkuta Sista ameishika.

"Mzee, leo pumzika," akaniambia. "App imeleta kitu kipya. Inachanganya nyimbo yenyewe, kama DJ wa klabu. Inapima mwendo wa wimbo huu na ule, inatafuta mahali inaweza unganisha, inaunganisha. Hata ile kimya katikati haiko tena."

Ukimya ulikuwa umemkosea nini sikuuliza. Nilipewa sahani ya biriani na kiti, na nikasema kweli dunia imeendelea, dereva anakula akiwa amekaa.

Wimbo wa kwanza ukaanza. Waimbaji wakaimba, sisi tukala. Wakafika mwisho wa maneno yao, ngoma ikajikwaa, wanaume wakaweka sahani chini wakasimama. Na pale pale, chini ya ile ngoma, nikasikia ngoma nyingine inatambaa. Zikatembea pamoja hatua chache, kama watu wawili wanaokwenda sambamba bila kujuana, halafu ya kwanza ikapotea na mtu mwingine kabisa akaanza kutuimbia habari za kuachwa.

"Mmesikia hiyo?" Sista akasema. "Hakuna mshono."

Watu wakapiga makofi. Kweli hakukuwa na mshono. Wanaume wakakaa, wakachukua sahani zao.

Wimbo wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu nao. Nilikuja kuielewa hiyo mashine kabla ya wengine, si kwa akili, ni kwa sababu nilikuwa nimeachishwa kazi na sina la kufanya. Ilikuwa inatafuta mahali pazuri pa kuunganisha, na katika rumba hakuna mahali pazuri kama pale ngoma inapojikwaa. Kwetu huo ulikuwa mlango wa kuingilia. Yenyewe iliona ni mlango wa kutokea. Kwa hivyo mchana kutwa tulisikiliza watu wakiachwa, mmoja baada ya mwingine, kwa mwendo uliopimwa sawasawa, na magita hayakufika hata mara moja.

Na ajabu ni kwamba watu walifurahi. Walikuwa hawachezi, lakini walikuwa wanasubiri ule mshono usioonekana, ukipita wanapiga makofi. Wengine walienda kutazama simu yenyewe, ambako kulikuwa na mistari ya rangi inapanda na kushuka. Mtaalamu mmoja wa kompyuta, kijana wetu wa ofisini, alitueleza jinsi inavyofikiri. Tukamsikiliza kwa heshima, viuno vyetu vimekaa.

Afande alikuwa ukingoni mwa kiti chake. Ngoma ikijikwaa, anainuka nusu. Wimbo ukibadilika, anashuka. Jirani yake akamuuliza kama kiti kina msumari.

Akaja akainama sikioni kwangu. "Mzee. Hii machini anakula gita anapeleka wapi?"

Nikainuka nikaenda kwenye simu. Nikabonyeza kitu. Sauti ikaruka mbele, ikarudi, mwimbaji akaanza kuimba haraka kama anakimbizwa, na Sista akaja akaninyang'anya taratibu, kwa adabu, jinsi unavyomnyang'anya mzee kisu.

"Mzee, usiguse."

Mimi. Mtu wa kutogusa.

"Weka basi ule mrefu," nikamwambia. "Uweke peke yake, uuache."

"Nitaweka. Lakini acha ichanganye, si unaona kila mtu ana-enjoy?"

Akauweka. Lazima nikiri uliingia vizuri, hata kinyozi wangu asingejua umeingia saa ngapi. Afande alipousikia alitoa kitambaa akajipangusa viganja. Na upande wa pili nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona katika Ijumaa zote hizo. Yule dada aliweka mkoba wake chini ya kiti, akatoa leso, akaifunga kiunoni. Akalikaza fundo. Hakuwa anamtazama mtu yeyote, kwa namna ile ya kutomtazama mtu mmoja tu.

Waimbaji wakaimba. Sijawahi kuona wimbo mrefu vile. Wakalia, wakaomba, wakaahidi, wakafika kwenye mstari wa mwisho. Ngoma ikajikwaa.

Afande akasimama wima. Akavuka zulia kwa hatua zake kubwa, hakugeuka, hakunitafuta mimi. Akafika mbele ya kiti cha dada, na dada akaanza kuinuka, mkono mmoja kwenye fundo la leso.

Na ile mashine ikaingiza wimbo mwingine. Mtoto wa kike, sauti nyembamba, anaachwa.

Watu wakapiga makofi. Ulikuwa mshono bora wa siku nzima, Sista alisema hivyo na hakudanganya.

Dada akakaa. Afande akabaki amesimama mbele yake katikati ya makofi, mtu mzima, mikono haina kazi. Akatazama kando, akaona meza ya soda, akachukua moja akampa.

"Ahsante kaka," dada akasema. "Nilikuwa na kiu kweli." Akaishika ile chupa bila kuinywa. "Hutaketi?"

"Ndiyo," Afande akasema.

Hakuketi. Alienda mlangoni, akatafuta viatu vyake katika rundo la viatu vya watu wote, akavivaa bila haraka, akafunga kamba zote mbili. Akafungua mlango, joto likaingia, akaufunga polepole kama mlinzi anavyofunga.

"Anakwenda wapi?" dada akaniuliza.

"Kupunga hewa," nikasema. Na joto lile, hewa gani.

Dada akafungua fundo la leso, akaikunja ndogo ndogo, akaipakata. Nami nikaenda dirishani. Nilimwona Afande amepita gari la tajiri wangu, amepita duka la kona, anakwenda upande wa kituo cha basi, upande wa jua, na kivuli cha ukuta kipo hapo ng'ambo ya barabara. Hakurudi siku hiyo, wala Ijumaa nyingine yoyote.