Kipimo Kilichofukizwa Udi

Wifi yangu Sichana, mkulima wa mwani hapa Bwejuu, hawekewi kitu akakipoteza. Mpe sindano leo, mwakani atakurudishia na uzi wake. Sifa hiyo ndiyo iliyomponza.

Kila kaskazi, jua linapokuwa kali, mwani wake ulipauka na kukatika kwenye kamba. Shamba lile la baharini aliachiwa na mama yake, na hakujua alihame au avumilie. Ndipo Nadhira, mtafiti wa bahari kutoka mjini, akamletea kipimo kidogo kama kifuniko cha chupa, kinachojiandikia chenyewe joto la maji usiku na mchana.

"Hii amana yangu, Bi Sichana. Ifunge kwenye kigingi, ntaifuata kaskazi ikisha."

Angesema neno jingine lolote, asiseme amana! Siku za bamvua, bahari inapokupwa mbali na wanawake tulipoteremka shambani, Sichana alikifunga kipimo. Maji mafu yakiingia, siku bahari isipokupwa vya kutosha naye asipoweza kwenda kukitazama, alikifungua akakitia kabatini, katikati ya kanga zake. Mimi nikimwona, na nikimsifu.

Nadhira aliporudi alifungua kompyuta barazani, akakunja uso. "Hapa bahari ilikaribia kuchemka! Ijumaa hii kulikuwa na nini?"

Wifi akafikiri. "Ijumaa? Nlikuwa nnafukiza nguo udi, mlemle kabatini."

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Sichana hakucheka. Mwani wa msimu ule ulikuwa umeshakufa, na kilichouua hatukukijua. Alilia mbele ya mgeni, na mimi nikaona haya.

Nadhira hakumkaripia. Alileta vipimo viwili, kimoja cha shambani, kimoja cha kule kwenye kina. "Hata mwizi akija, na aje," alisema. "Usivitoe." Msimu mzima wifi alikosa raha, lakini hakuvigusa.

Jibu tulilipata barazani palepale. Kwenye kina maji yalikuwa ya baridi. Shambani yalipata moto siku baada ya siku, kupita mwani unavyoweza kustahamili.

"Pale pa mama pamekwisha, Bi Sichana," Nadhira alimwambia taratibu.

Bamvua lililofuata tuling'oa vigingi vya marehemu mama yake, kimoja kimoja, tukavihamishia kule kwenye kina, maji ya kufika kifuani. Huko mwani umeshika vizuri. Nadhira alipotaka kukitoa kipimo cha shamba la zamani, maana hapakuwa tena na kitu pale, wifi alimshika mkono.

"Kiache, mwanangu. Nnataka kujua siku pakipoa."